Shamba Nambari 64: Kuitembea Historia ya Eldoret kwa Miguu

Mwenye kuwaongoza wageni katika mji mkongwe wa Rhodes, kule visiwani Ugiriki, kazi yake ni nyepesi. Ngome ingali imesimama, barabara ya mawe ipo palepale, na mgeni anaziona karne zilizopita kabla hajaambiwa neno. Wenzake wa Lamu nao wana milango ya nakshi, misikiti na ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19. Eldoret haikurithi kitu cha namna hiyo. Hapa mwongozaji atatumia mdomo zaidi ya kidole, kwa sababu kila kundi lililoushika mji huu lilibomoa, likabadilisha majina, likajenga juu ya lile lililotangulia.

Huenda ndiyo sababu wasimulizi wengi huanza mwaka 1908, Makaburu walipofika na magari yao ya maksai. Mwanzo huo ni mwepesi kukumbuka, na vitabu vingi vya walowezi viliupenda. Kwangu mimi haufai. Ukianzia hapo, Eldoret inaonekana kama mji uliootea penye ardhi tupu, na mengi yaliyotokea baadaye, hata ya juzi tu, yanakuwa hayana chanzo. Kwa hiyo matembezi haya yanaanzia nje ya mji, Sugoi, upande wa Turbo, kunakolimwa mahindi na kufugwa ng'ombe wa maziwa, halafu yanaingia mjini kwa barabara kuu iendayo Malaba. Kutoka Sugoi hadi katikati ya mji si mwendo wa miguu kwa mtu wa kawaida, ingawa katika kaunti hii ya Uasin Gishu wapo watu wanaokimbia umbali kama huo kabla ya chai ya asubuhi. Sisi wengine tutapanda matatu kwanza.

Mashimo ya Wasirikwa, kabla ya 1900

Uwanda wa Uasin Gishu uko juu, mita 2,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na katika sehemu nyingi ambazo trekta halijafika mtu hukuta mabonde madogo ya mviringo, kama sahani iliyozamishwa kwenye mteremko wa kilima. Ukisimama ndani ya moja utaona kwamba si kazi ya mvua. Ukingo wa juu umechimbwa, na mara nyingi umezungushiwa mawe yaliyopangwa kwa mkono. Upande wa chini kuna nafasi ya mlango, na nje ya mlango kuna tuta. Tuta hilo ni samadi na matope yaliyozolewa ndani miaka na miaka. Hili lilikuwa zizi. Ng'ombe waliingizwa jioni, mlango ukafungwa, na wenyewe walilala katika vibanda vilivyoshikamana na ukuta, hivi kwamba mwizi hangeweza kufika kwa mifugo bila kupita karibu na masikio yao.

Wataalamu huyaita mashimo ya Wasirikwa. Mary Leakey alichimbua ya Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mwishoni mwa miaka ya 1930, na John Sutton akayafuatilia katika nyanda hizi miaka ya 1960. Maisha ya namna hiyo yalianza yapata karne ya 12 na kuendelea hadi karne ya 18. Wafugaji hao walikuwa wengi, walikaa mahali pamoja kwa vizazi, na walijua kuwekea mfugo ulinzi. Jina lao limebaki mdomoni mwa Wakalenjin, na moja ya hoteli zilizovuma sana mjini Eldoret iliitwa Sirikwa.

Baada yao walitawala Wamaasai wa kundi la Uasin Gishu, na ndio walioacha jina la uwanda. Katika karne ya 19 walivunjwa nguvu kwa vita na Wamaasai wenzao pamoja na Wanandi. Waliosalia walitawanyika, wengine wakaenda kuishi chini ya ulinzi wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na kupigana upande wake. Uwanda ukabaki malisho ya Wanandi na majirani zao, mahali pa kupitisha ng'ombe wakati wa nyasi, si pa kujenga boma la kudumu. Mzungu aliyepita miaka ya 1890 hakuona moshi wa jikoni, akaandika kwamba nchi haina mtu. Sentensi hiyo moja ilileta balaa kubwa.

1903 hadi 1905: nchi iliyogawiwa mara mbili

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, ikiupita uwanda huu kwa mbali upande wa kusini. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetumia mamilioni ya pauni na sasa ilitaka abiria na mizigo. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, alisafiri kwa reli hiyo mwishoni mwa 1902 akivutiwa na baridi ya nyanda za juu. Mwaka uliofuata alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, pendekezo: Wayahudi waliokuwa wakiuawa na kufukuzwa huko Urusi wapewe makao katika uwanda wa Guas Ngishu, kama ulivyoandikwa wakati ule. Dunia iliuita mpango wa Uganda, kwa kuwa hadi 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda.

Mkutano wa Wazayuni uliofanyika Basel Agosti 1903 uligawanyika vibaya juu ya jambo hilo. Mwishowe ilitumwa tume ya watu watatu kuja kutazama, nayo ikazunguka hapa mwanzoni mwa 1905. Mmoja wao, Nahum Wilbusch, hakupendezwa kabisa. Nairobi nako walowezi Waingereza wakiongozwa na Lord Delamere walipiga kelele dhidi ya wageni hao. Mkutano wa 1905 ukaukataa mpango. Napenda kuwakumbusha watu kwamba wakati wa mazungumzo hayo yote, London, Basel na Nairobi, hakuna mfugaji hata mmoja wa Kinandi aliyeulizwa lolote.

Wanandi walikuwa na jibu lao hata hivyo, na walikuwa wakilitoa tangu 1895. Waling'oa nyaya za simu, walivamia misafara, waliikatisha tamaa serikali kwa miaka kumi. Tarehe 19 Oktoba 1905 Orkoiyot wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na Kapteni Richard Meinertzhagen, akapigwa risasi papo hapo pamoja na wafuasi wake. Jeshi lilifuata, likachoma nyumba na kuteka ng'ombe kwa maelfu, na Wanandi wakasukumwa ndani ya hifadhi iliyowekewa mipaka. Risasi ile ya Nandi, kwa maoni yangu, ndiyo iliyouanzisha mji wa Eldoret. Bila hiyo uwanda usingekuwa wazi miaka mitatu baadaye.

1908: Makaburu na maksai wao

Vita vya Makaburu na Waingereza huko Afrika Kusini vilikwisha 1902, vikaacha mashamba yaliyoungua na chuki ndani ya familia. Baadhi ya Makaburu walikuwa wamesaidia upande wa Waingereza na sasa hawakukaribishwa tena na ndugu zao. Tayari wachache, wakiwemo ndugu wa ukoo wa van Breda, walikuwa wamekuja uwandani na kupeleka habari nyumbani: nyasi tele, baridi nzuri, ardhi ya bei ya chini. Jan van Rensburg akakusanya msafara.

Walipanda meli kutoka Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, wakashuka Mombasa Julai 1908, watu zaidi ya 200 na farasi wao, magari yao na hata samani za nyumbani. Treni iliwafikisha Nakuru. Kutoka hapo hakukuwa na barabara ya maana. Walinunua maksai ambao hawajawahi kuvalishwa nira, wakawafundisha, na mwezi wa Agosti wakaanza kupanda. Mvua ilikuwa inanyesha. Katika misitu ya juu magurudumu yalizama hadi kwenye ekseli, na njia ikawa ni kukata miti na kuitandaza matopeni ili gari moja lipite, kisha kungoja la pili. Safari ambayo leo basi huimaliza kwa muda wa saa tatu hivi iliwachukua hadi Oktoba, walipofika karibu na kilima cha Sergoit, kaskazini mashariki ya mji wa sasa.

Ukitaka kuona kilichobaki cha wakati huo, nenda upande huo wa Sergoit. Kuna shamba linaloitwa Kruger mpaka leo, lenye twiga wanaotembea porini, wazao wa wanyama waliojaa uwanda mzima Makaburu walipofika. Mwindaji mmoja Mwingereza, Cecil Hoey, alijenga daraja kwenye mto Nzoia, na kijiji kilichoota hapo kikaitwa Hoey's Bridge. Baada ya uhuru kikawa Moi's Bridge.

1910 hadi 1912: Posta, sefu na jina

Wapimaji walipita wakiligawa bonde na kilima kwa mistari iliyonyooka, kila kipande na nambari yake. Shamba nambari 64 lilikuwa na mawe mengi na udongo mchache. Halikufaa kwa ngano wala mahindi, na wakulima waliotangulia walijichagulia penye rutuba. Basi serikali ilipohitaji mahali pa kuweka posta mwaka 1910, ililichukua lile ambalo halingemuuma mtu. Wapo wanaosema 64 ilikuwa hesabu ya maili kutoka stesheni ya reli ya Kibigori. Maelezo yote mawili yanasimuliwa, na mimi naegemea kwenye shamba, kwa sababu linajibu swali ambalo maili hazijibu: kwa nini mji upo hapa na si mahali pengine pazuri zaidi?

Mahali pakaitwa Sikisti Foo. Wanandi wakalitamka kwa namna yao, Sisibo, na mpaka leo ukisimama stendi utasikia makanga wakiita Sisibo kwa abiria ambao hawajui kabisa kuhusu shamba lolote. Mwaka 1912, enzi ya Gavana Percy Girouard, makao yalitangazwa kuwa mji rasmi na kupewa jina la Eldoret, lililotokana na neno la wenyeji kuhusu mto wenye mawe. Mto huo ni Sosiani. Shuka hadi darajani kwenye barabara ya kwenda Kisumu utazame chini, na utaona kwamba waliolitoa jina hawakukosea.

Wakati huo mji ulikuwa mstari mmoja wa vibanda. Inasimuliwa kwamba J. C. Shaw wa Standard Bank of South Africa alipokuja kufungua tawi mwaka 1912, sefu yake ilishushwa kutoka kwenye gari la maksai ikaanguka chini. Ilikuwa nzito kupita kiasi, hapakuwa na winchi, na hakuna aliyeweza kuisogeza hatua moja. Basi wakajenga benki kuizunguka, kuta za udongo pande nne, sefu katikati. Karibu na hapo palikuwa na baa iliyopachikwa jina la shimo la panya. Wakulima walileta mazao, wakauza, wakapeleka fedha kwenye sefu na zile zilizobaki kwenye shimo. Maduka ya Wahindi yalikuja nyuma ya magari hayo hayo, yakiuza chumvi, sukari, nguo, misumari na mafuta ya taa. Bila wenye maduka hao Makaburu wangelala gizani, jambo ambalo halikuwazuia kudai Wahindi wasiruhusiwe kumiliki mashamba ya nyanda za juu.

1917 hadi 1939: Reli, kipande na miwati

Tusimame sasa penye hospitali ya rufaa ya Moi, upande wa barabara ya Nandi. Ilianza mwaka 1917 kama hospitali ndogo ya wenyeji yenye vitanda 60. Serikali ya kikoloni iliijenga kwa ajili ya Mwafrika, na sababu yake si ngumu kukisia: mashamba yalihitaji watu wenye nguvu. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, askari walioachishwa kazi waligawiwa ardhi zaidi, kodi ya nyumba ikaongezwa, na kila mwanamume Mwafrika akatakiwa kutembea na kipande, cheti cha utambulisho, shingoni. Wanandi wengi walirudi kwenye malisho yao ya zamani, lakini safari hii kama maskwota, wakichunga ng'ombe wachache kwa ruhusa ya mwenye shamba na kumlipa kwa siku za kazi.

Halafu ikaja reli. Mwaka 1921 serikali ilianza kujenga njia mpya kutoka Nakuru kupitia uwandani hadi Uganda. Wengi walilalamika kwamba njia hiyo ilipindishwa ili ipite kwenye mashamba ya walowezi, nami sioni namna ya kuwapinga. Ilipanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, kabla ya kuteremka Eldoret. Vijana wa Kinandi walilazimishwa kwenda kufanya kazi ya njia hiyo, ng'ombe wao wakafungiwa karantini wasiuzwe, kodi ikazidi. Mwaka 1923 walipanga kukusanyika kwa sherehe kubwa ya kukabidhiana rika. Serikali ikahofia maasi, ikaipiga marufuku, na mwezi wa Oktoba ikamkamata Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel. Aliwekwa kizuizini hadi 1964. Miaka arobaini na ushei, na uhuru ulipofika alikuwa bado kifungoni. Hakuna Mkenya mwingine aliyefungwa muda mrefu hivyo kwa sababu za siasa. Ukiniuliza ni jina gani linastahili kibao cha shaba katika mji huu, nitakujibu bila kufikiri.

Treni iliingia Eldoret mwaka 1924, ikaendelea Turbo ikipitia upande wa Sugoi, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Kabla ya hapo gunia la mahindi lilipelekwa Londiani kwa gari la maksai, siku kadhaa kwenye matope, na gharama ya njiani ilimeza faida. Sasa lilipakiwa asubuhi stesheni. Bei ya ploti ikapanda, mabomba ya maji yakaletwa kutoka Sosiani mwaka 1928, umeme ukawaka 1933. Mitaa ya mjini iligawanywa kwa rangi ya ngozi kama ilivyokuwa desturi ya koloni. Wazungu wenyewe nao hawakuelewana: Kaburu alisali Kiafrikana katika kanisa lake la Kiholanzi na kumtazama Mwingereza wa klabu kwa jicho la pembeni. Kutokana na kazi ya kimisheni ya kanisa hilo la Kiholanzi lilitokea baadaye kanisa la Waafrika, Reformed Church of East Africa, ambalo makao yake yako hapa Eldoret.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliangusha bei ya mahindi, na wengi wakageukia miwati, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Kampuni iliyojulikana kwa kifupi kama EATEC ilijenga kiwanda na kupanda maelfu ya ekari. Kwa zaidi ya nusu karne mtu aliyekuja Eldoret kwa basi alijua amekaribia alipoona miti hiyo imesimama kwa safu.

1961 hadi 1978: Magari yanarudi kusini

Makaburu waliwahi kuondoka kuliko walowezi wengine. Habari za machafuko ya Congo mwaka 1960 ziliwatia hofu, na kuanzia 1961 familia baada ya familia ziliuza ng'ombe, zikafunga vitanda juu ya malori na kushika njia ya kusini kupitia Tanganyika. Kufikia uhuru, Desemba 1963, walibaki wachache. Jamii iliyochukua miezi mitatu kupanda kutoka Nakuru ilitoweka ndani ya miaka michache, ikiacha makaburi, majina ya mashamba na nyumba za mawe zenye mahali pa moto.

Swali likawa: ardhi ni ya nani? Serikali ya Kenyatta ilijibu kwa kitabu cha hundi. Mwenye kununua anunue. Wanandi, Wakeiyo na wenzao wengine walichanga na kununua. Lakini pia walikuja Wakikuyu kwa kampuni na vyama vya ushirika, Waluhya, Wakisii na wengineo, wenye stakabadhi halali mikononi. Shamba moja lililonunuliwa na watu waliotoka Kiambu liliitwa Kiambaa. Julai 1969 mbunge Jean-Marie Seroney alitoa Azimio la Nandi Hills akidai ardhi ya Wanandi irudi kwa Wanandi, naye alishtakiwa kwa hilo. Mwenye cheti alisema amenunua. Mwenyeji alisema babu yake hakuuza. Wote wawili walisema kweli, na serikali iliyokuwa na uwezo wa kuwakalisha chini ilitazama kando.

Mji wenyewe wakati huo ulikuwa unachangamka. Mwaka 1968 Kipchoge Keino, polisi kutoka Nandi, alimshinda Jim Ryun wa Marekani katika mita 1500 kwenye Olimpiki ya Mexico. Mwaka 1972 akaongeza dhahabu ya kuruka viunzi na maji. Alirudi akafungua duka la vifaa vya michezo mjini, akaanzisha makao ya watoto yatima na shule. Aliwaonyesha vijana wa uwanda kwamba fedha za mbio zinaweza kurudi na kuwa jengo. Funzo hilo lilishikwa barabara: ukitembea katikati ya mji leo, maghorofa kadhaa unayopita chini yake yalijengwa na miguu ya wanariadha, jasho la Boston, Rotterdam na Chicago. Nao wakishuka uwanja wa ndege na medali, hupokelewa kwa mursik kutoka kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, maziwa mazito yenye rangi ya majivu ambayo mgeni huyanywa kwa adabu na mwenyeji huongezewa.

1978 hadi 2002: Miaka ya Nyayo

Daniel arap Moi, mwenye kaulimbiu ya Nyayo, alipoingia Ikulu, fedha zilifuata barabara ya Nakuru na kupanda mlima. Kiwanda cha nguo cha Rivatex kilikuwa kimeshaanzishwa miaka ya 1970, na kando yake vilikuwepo vya sufi, mbao na nyuzi. Mwaka 1984, kwa ushauri wa tume ya Mackay, Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa kama chuo kikuu cha pili nchini, kikapewa eneo la Kesses kwenye msitu wa miwati. Kitivo cha udaktari kikaja mjini, kikaungana na hospitali ile ya 1917, na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana ukazaa mpango wa kutibu UKIMWI uliookoa maisha ya watu wengi sana wa magharibi ya Kenya. Uwanja wa ndege wa kimataifa ulijengwa miaka ya 1990 na kubishaniwa bungeni na magazetini, wengi wakiuliza nani atautumia. Leo ndege za mizigo zinatua.

Viwanda havikuwa na bahati hiyo. Soko lilipofunguliwa, mitumba ikaingia, Rivatex ikafungwa karibu mwaka 2000, ikaja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. EATEC nayo ilifunga kazi na kuuza ardhi yake yote, ekari kwa maelfu, wakati wa mpito wa karne. Miwati ikakatwa. Nani alipata vipande vikubwa na nani aliambulia ploti ni mjadala ambao hadi leo huharibu chakula cha jioni katika nyumba nyingi za Uasin Gishu.

2008 na baadaye

Wapo wanaosema mwongozaji asiwapeleke wageni Kiambaa. Mimi nasema asipowapeleka atakuwa ameacha kiungo. Ilikuwa tarehe 1 Januari 2008, siku mbili baada ya matokeo ya uchaguzi wa rais kutangazwa na kupingwa. Familia za Wakikuyu zilikuwa zimekimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God katika shamba hilo la Kiambaa, kilomita chache kutoka mjini. Kanisa lilichomwa moto likiwa limejaa, wengi wao wanawake na watoto. Watu wapatao 35 walikufa. Maelfu ya wengine walihamia hemani katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret, wakakaa miezi. Mapigano ya ardhi yalikuwa yametokea tangu 1992, kila yalipokaribia masanduku ya kura, lakini hili la Kiambaa lilifika kila chumba cha habari duniani. Mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi Februari 28. Kesi zilizopelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague, ikiwemo ya William Ruto, zilikwisha bila hukumu ya hatia. Ya kwake ilifungwa Aprili 2016.

Ruto ndiye aliyelitia jina la Sugoi midomoni mwa Wakenya wote. Alizaliwa 1966 katika kijiji cha Sambut, akakulia pande hizi, na mara nyingi amesimulia alivyouza kuku kando ya barabara penye njia ya reli. Aliingia bungeni mwaka 1997 kwa kiti cha Eldoret Kaskazini, akawa naibu wa rais 2013, na Septemba 13, 2022 akaapishwa kuwa rais wa tano. Tarehe 15 Agosti 2024 alikuja Eldoret na hati ya kuufanya uwe jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Hadhi hiyo imeusukuma mji upande uleule tuliokuja nao. Maili Nne, kituo kilichopewa jina kwa umbali wake kutoka mjini, kimemezwa zamani. Kandokando ya barabara ya Turbo mabango ya kuuza ploti za hamsini kwa mia yamesimama katikati ya mahindi, na mwenye ekari tano alizozipata babake kwa kuchanga na chama cha ushirika anapigiwa simu na mawakala. Wengine wanauza. Wengine wanagawia wana. Ofisi ya ardhi ya kaunti ina kazi kila siku ya juma, na foleni yake huanza kabla mlango haujafunguliwa.